Mwongozo kamili: jinsi ya kusukuma mradi wa mtaa wenu wakati halmashauri imekauka

Kuna maneno matatu kila aliyewahi kuingia ofisi ya kata anayajua: "ipo kwenye bajeti." Unatoka pale umefurahi, unawapigia wenzako simu kwamba jamani mradi umepita, afu mwaka unaisha, wa pili unaisha, mtoto aliyekuwa la pili sasa yuko la nne na choo ni kile kile. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtendaji wala hakunidanganya. Kweli ilikuwa kwenye bajeti. Ila bajeti ni makisio, hela ni makusanyo, na hayo mawili hayalali nyumba moja.

Nimekaa kamati ya shule, nimekaa kamati ya mtaa, huku Arusha, na kabla ya hapo niliishi Moshi kwa shemeji yangu ambaye kutwa alikuwa anazunguka manispaa na bahasha ya kaki kwapani. Sio mtaalamu wa fedha mimi, nauza vifaa vya umeme. Ila kwa miaka hiyo nimeona kitu kimoja: halmashauri ikiwa haina hela huwa haikwambii hapana, inakwambia subiri, na hela kidogo ikipatikana inaenda kwa mradi ambao siku hiyo uko tayari, sio lazima ule wenye shida kubwa kuliko yote. Kwa hiyo yote ninayoandika hapa chini ni namna ya kuwa tayari.

HATUA YA KWANZA: hakikisha unamfokea mtu sahihi

Nimeshaona mkutano wa mtaa mzima, saa mbili na nusu, diwani anachambwa kwa sababu ya barabara. Na barabara wala sio yake. Toka Julai 2017 barabara za mitaa na vijijini ziko TARURA, yaani wakala wa barabara za mijini na vijijini, wako chini ya TAMISEMI (ofisi ya rais inayosimamia serikali za mitaa) lakini sio halmashauri, wana meneja wao na bajeti yao. Ile shilingi 100 iliyoongezwa kwenye kila lita ya mafuta mwaka 2021 ilikuwa kwa ajili yao. Hata ushuru wa maegesho hapo mjini wamewahi kuukusanya wao. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Maji mjini Arusha ni AUWSA, Moshi ni MUWSA, vijijini ni RUWASA iliyokuja na sheria ya mwaka 2019. Umeme mnajua wenyewe.

Kinachobaki kwa halmashauri ni shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, machinjio, taka, maafisa ugani, maendeleo ya jamii. Kama shida yenu haimo humo basi acha kupoteza mikutano, andikeni barua kwa mwenyewe na nakala mpe diwani asukume.

Na mkoa nao usiuchanganye. Nchi hii haina serikali za majimbo kama Marekani, ofisi ya mkuu wa mkoa inasimamia na kushauri, haina kodi yake inayokusanya. Ukienda kuomba hela mkoani utapewa chai na barua ya kukurudisha kwa mkurugenzi.

HATUA YA PILI: jua mifuko, maana kila hela ina kamba yake

Hapa kaa vizuri, ndipo watu wengi wanapotea.

Mfuko wa kwanza ni ruzuku ya serikali kuu. Humo kuna mishahara, ambayo ndio mzigo mkubwa na huwezi kuigusa kwa jambo lingine lolote, kuna OC yaani matumizi mengineyo, hii ni mafuta ya gari, karatasi, safari, na kuna fedha za maendeleo zinazoshuka kwa mradi maalum. Hizi za mradi zinakuja na jina lake. Mwaka 2021 sehemu ya zile trilioni 1.3 za UVIKO ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila darasa, na hata kama shida yenu ilikuwa choo, hela imeandikwa darasa, linajengwa darasa. Huo mwaka niliona shule ina madarasa mapya yanang'aa na watoto wanapanga foleni chooni mpaka kengele inalia.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani, na humu ndimo mtaa wenu una nafasi. Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara, leseni, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na stendi, kodi ya vibanda, ushuru wa mazao kwa wenye mazao. Tatizo ni kwamba mfuko huu umekuwa ukipunguzwa. Kodi ya majengo ilihamia TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, ikaja kuingizwa kwenye LUKU 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Wewe unaiona kila ukinunua umeme unadhani unachangia mtaa wako, kumbe inaenda Hazina kwanza. Ada ya mabango nayo iliwahi kupelekwa TRA. Mwaka huo huo wa 2017 walipohamishia barabara TARURA, ushuru wa mazao ukashushwa toka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alishukuru, na mimi simlaumu, lakini halmashauri za vijijini kama kule kwenye kahawa zilitobolewa mfuko.

Afu kwetu huku kuna utalii. 2020 corona ilipoingia hoteli zilifunga mageti, madereva wa watalii wakauza bodaboda, na ushuru uliotegemea hoteli ukakauka mwezi kwa mwezi. Halmashauri inayokula utalii ina sikukuu na ina kwaresma, usisahau hilo unapopanga lini ukaombe.

Sasa tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu za kutunga ila njia ndio hiyo. Chukua halmashauri imekisia kukusanya milioni 100 robo hii, nje ya yale wanayoita mapato lindwa, yaani hela ambazo tayari zina kazi yake kama za wagonjwa hospitalini. Wamepata 75. Kama ni halmashauri inayotakiwa kutenga asilimia 60 kwa maendeleo, hiyo ni milioni 45. Humo toa mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya ile 75, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ni sheria toka 2018. Hiyo mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Basi toa milioni 7.5. Imebaki 37.5. Jiji la Arusha lina kata 25, gawanya sawa kwa sawa, kila kata milioni moja na nusu. Kata, sio mtaa. Halisi zake ni kubwa zaidi, ongeza sifuri unazotaka, ila mgao ni ule ule. Na bado hatujatoa maagizo ya viongozi, deni la mzabuni wa mwaka juzi, na ile posho ya shilingi laki moja kwa mwezi ya watendaji wa kata ambayo toka 2021 halmashauri zinatakiwa kuilipa toka humo humo.

Ndio maana nasema ukisikia "milioni 12 zimetengwa" usichinje mbuzi.

Mfuko wa tatu ni mfuko wa jimbo, upo kwa sheria ya 2009, mbunge ndio mwenyekiti wa kamati yake. Hela zake ni ndogo ila zinafaa sana kumalizia, mabati, saruji, milango. Wa nne ni wahisani na miradi yao, na huo tumeona ulivyo, Marekani waliposimamisha misaada yao mapema 2025 kuna watu kwenye vituo vya afya walikuwa wanalipwa na miradi wakaambiwa kesho msije. Usiweke choo cha shule kwenye mfuko ambao unaweza kufungwa na mtu asiyejua mtaa wako uko wapi.

(Kidogo nitoke nje ya njia. Kule Marekani mji wa Detroit ulikwenda mahakamani Julai 2013 kutangaza umefilisika, madeni dola bilioni 18 hivi, jaji akakaa nao wakagawana hasara. Huku halmashauri haifilisiki namna hiyo. Inanyamaza tu. Mzabuni anaidai, mwalimu anadai nauli ya likizo, na jengo linaota majani. Kwa hiyo ukimya usichukulie kwamba mambo shwari.)

HATUA YA TATU: ingia kwa saa yake

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Watu wetu wanaanza kupiga kelele Mei, wakisikia bunge la bajeti redioni. Mei mmeshachelewa mwaka mzima.

Mitaa na vijiji wanatakiwa kuibua vipaumbele kati ya Septemba na Novemba hivi. Kata inakaa kuchambua kabla ya krismasi au karibu na hapo. Januari na Februari wataalamu wanaingiza kwenye mfumo, kamati za madiwani zinakaa, baraza linapitisha. Inapita kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, TAMISEMI, Hazina, ndio inafika Dodoma bungeni Aprili. Njiani humo kote kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, yaani Hazina inasema nyie msizidi hapa, na kila mwaka maombi yanazidi ukomo, kwa hiyo kila ngazi inakata. Mradi wenye karatasi pungufu ndio wa kwanza kukatwa, maana hakuna atakayeutetea.

Mwaka wa uchaguzi una saa yake. Baraza linavunjwa katikati ya mwaka, kama ilivyokuwa 2025, na mpaka madiwani wapya waapishwe huna diwani wa kumtuma. Miezi hiyo deal na mtendaji wa kata na ofisi ya mkurugenzi moja kwa moja.

HATUA YA NNE: muhtasari, muhtasari, muhtasari

Ombi letu la kwanza la choo lilirudi. Nilienda kuulizia, dada wa mipango akafungua faili akanionyesha kwa kidole, hata hakuongea sana. Muhtasari wetu ulikuwa na kurasa mbili, maneno mazuri, mihuri miwili. Hauna orodha ya mahudhurio. "Sasa kaka yangu, huu mkutano walikuja watu wangapi, wewe na nani?" Nikabaki nakuna kichwa. Tulikuwa watu kama 90 siku ile, mvua imenyesha, tumebanana kwenye darasa la kwanza, ila karatasi ya kusaini ilibaki kwenye mkoba wa mtu. Mwaka ukaenda hivyo.

Kwa hiyo. Mkutano wa mtaa uitishwe na mwenyekiti kwa tangazo la maandishi, wapige picha tangazo likiwa ukutani. Mahudhurio yawe na jina, simu, sahihi. Muhtasari uandike azimio kwa sentensi moja inayosomeka: mkutano umeazimia kipaumbele namba moja ni kitu fulani, mahali fulani, wananchi watachangia hiki na hiki. Asaini mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mihuri. Toa kopi tatu, moja ikae nyumbani kwako, maana mafaili yanatembea.

Na weka namba. Usiandike "vyoo havitoshi." Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu ilikuwa na wasichana 480, ina maana matundu 24, wavulana 450, matundu 18, jumla 42. Yaliyopo 14. Pungufu 28. Mistari minne. Ombi la pili tuliandika hivyo na yule dada wa mipango alilisoma amesimama, akalipiga muhuri wa kupokelewa hapo hapo.

HATUA YA TANO: katakata mradi

Ukiomba matundu 28 kwa mkupuo kwenye mwaka wa njaa unajitafutia "tutaangalia." Omba kwa awamu zinazojitegemea, yaani awamu ya kwanza ikiisha inatumika hata kama ya pili haitakuja. Matundu kumi na shimo lake, yanafungwa milango, watoto wanaingia. Sio msingi wa matundu 28 halafu basi.

Hapo niongelee maboma, yaani majengo yaliyosimama kuta bila kumaliziwa. Kuna kauli kwamba wananchi waanze boma serikali itamalizia, na ni kweli kabisa hela za kumalizia zinakujaga, zimewahi kutoka milioni 12.5 kwa boma la darasa na milioni 50 kwa boma la zahanati. Lakini zinaenda kwa maboma yaliyoorodheshwa halmashauri, yenye ramani ya serikali, yaliyokaguliwa na mhandisi. Boma mlilojenga kwa hasira baada ya mkutano, fundi ni mjomba wa mtu, lenti haipo sawa, hilo litakaa mpaka mbuyu uote ndani. Kabla hamjachimba hata futi moja mwiteni fundi sanifu wa halmashauri, mumpe nauli ya bodaboda, awaonyeshe saiti na awape BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote na bei zake. Hiyo nauli ya elfu tano ndio hela yenye faida kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nguvu za wananchi zigeuzwe shilingi ndani ya BOQ. Tripu za mchanga, mawe, kuchimba shimo, maji ya kujengea, kila kitu kina bei. Sisi tulichimba shimo kwa zamu za mabalozi wa nyumba kumi, Jumamosi tatu, na mwenye lori mmoja wa mtaani akaleta moramu bure. Fundi sanifu akaviandika thamani yake, gharama ya kuomba ikashuka. Mbele ya kamati ya fedha mradi unaoonyesha wenyewe wameshatoa robo una sauti tofauti kabisa, maana yule mkurugenzi na yeye anatafuta sehemu ya kuweka hela kidogo ionekane kubwa.

Michango ya taslimu muwe makini. Toka agizo la Januari 2018 mwalimu mkuu msimwingize kwenye kukusanya, mtamponza. Ipitie serikali ya mtaa, iwe hiari, kibali kiombwe, risiti zitoke, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya elfu mbili ya mzazi wake.

Kitu kingine kinachoua miradi ni ardhi. Kama eneo lina mgogoro hata wa kona moja, malizeni kwanza na mwandike.

HATUA YA SITA: WDC, kikao kinachodharauliwa

Kamati ya maendeleo ya kata, diwani mwenyekiti, mtendaji wa kata katibu, wenyeviti wa mitaa wajumbe. Humu ndio mnakutana na mitaa mingine ambayo nayo ina choo chake, zahanati yake, daraja lake. Kosa ambalo wenyeviti wengi wanafanya ni kwenda na vipaumbele nane. Nane ni sawa na hakuna. Nenda na kimoja, na ukiweza ongea na wenzako kabla, mwaka huu tuwaunge mkono nyie mwakani nyie mtuunge, na hayo yaandikwe. Kwetu wazee walikaa kwenye kibanda cha kahawa jioni moja wakayamaliza, kikao kesho yake kikaenda dakika arobaini.

Diwani mpe karatasi moja, ukurasa mmoja, namba nne na picha mbili. Mheshimiwa ana mitaa mingi, hawezi kubeba faili lako kichwani.

HATUA YA SABA: ikishapita, uliza maswali matatu

Usiulize "imepita?" Uliza: iko kasma gani, yaani fungu gani la bajeti, kiasi gani, chanzo gani. Ukiambiwa chanzo ni mapato ya ndani jua itategemea makusanyo ya kila robo. Ukiambiwa serikali kuu, inaweza kuja yote au isije kabisa. Andika majibu yake, na tarehe, na jina la cheo cha aliyekujibu.

Baada ya hapo fuata robo. Kila miezi mitatu baraza linapokea taarifa ya mapato na matumizi, na kikao cha baraza ni cha wazi, unaenda unakaa nyuma, huongei lakini unasikia. Sikiliza asilimia ya makusanyo. Robo ya pili ikiisha, yaani Desemba, na makusanyo yako chini ya asilimia 40, miradi midogo ya mapato ya ndani inaanza kusogezwa. Muda wa kumkumbusha diwani ni huo, aulize swali la maandishi, sio Aprili. Ukinyimwa taarifa kuna sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016, unaandika barua, wana siku 30 kujibu. Mimi nimeitumia mara moja tu, kwa heshima, "naomba kufahamishwa," wala sikuweka vitisho, na majibu yalikuja.

HATUA YA NANE: elewa kisu kinaanzia wapi

Hela zikipungua havikatwi vitu vyote sawa. Mishahara haiguswi, iko Hazina. Mikopo ya asilimia 10 haiguswi kirahisi, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ataandika hoja na ripoti yake inafika bungeni Aprili kila mwaka, hakuna mkurugenzi anayependa kuitwa Dodoma kujibu. Agizo la kiongozi wa kitaifa aliyepita kwa ziara haliguswi. Kinachokatwa kwanza ni ukarabati, mafuta ya wakaguzi, ile miradi midogo isiyo na mwenyewe. Ukikatwa mafuta, mhandisi haji saiti, asipokuja saiti hasaini, asiposaini fundi halipwi, na mradi umesimama bila mtu yeyote kuamua usimame.

Sasa siri mbili za mjini. Ya kwanza ni Mwenge wa Uhuru. Kila mwaka unapita kila halmashauri, unazindua, unaweka mawe ya msingi, unakagua. Mradi ulio kwenye orodha ya Mwenge hauruhusiwi kuaibisha, utakamilika hata kama watu watalala saiti. Muulizeni diwani mapema kama wenu unaweza kuingia, ila hakikisheni nyaraka ni safi maana wakimbiza Mwenge wanakagua mpaka risiti za misumari.

Ya pili ni Mei na Juni. Kuna miradi ya wakubwa imekwama, mzabuni kashindwa, kibali hakijatoka, hela iko na mwaka unaisha, ikipita tarehe 30 Juni kurudi kwake ni shughuli. Hapo wataalamu wanatafuta wa kuhamishia, kwa vikao na vibali vyake. Wanampigia nani? Yule mwenye BOQ, saiti iliyosafishwa, kamati zilizoundwa, akaunti hai. Sisi tulipigiwa simu Mei, Ijumaa jioni, "mko tayari Jumatatu?" Shimo letu lilikuwa limeshachimbwa toka Februari, watoto walikuwa wanalizungushia miiba ili mbuzi wasidumbukie.

HATUA YA TISA: hela imeshuka, sasa msiiharibu

Miradi ya namna hii mara nyingi inajengwa kwa force account, fundi wa kawaida chini ya usimamizi, na mnaunda kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Mtu mmoja asikae mbili, na ndugu wawili wasikae moja ya kununua moja ya kupokea. Manunuzi siku hizi yanapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, mwalimu mkuu asijifunze siku hiyo hiyo, akae na afisa manunuzi mapema, kwetu tulipoteza siku nne kwa sababu ya neno la siri.

Kamati ya mapokezi ihesabu. Sio kusaini, kuhesabu. Mifuko 80 ya saruji unaihesabu ikishuka, unaandika kwenye daftari la stoo, ikitoka unaandika nani kachukua ya kazi gani. Bibi mmoja wa kamati yetu, muuza ndizi, alihesabu mara mbili akasema ni 76, dereva akasema mama umekosea, akahesabu mara ya tatu mbele yake kwa sauti. Ilikuwa 76. Minne ikatokea chini ya turubai.

Risiti ziwe za EFD, picha kila hatua, na ukutani mwa ofisi ya mtaa bandikeni hela iliyoingia na ilivyotumika hata kama hamjaulizwa. Bakaa ikibaki, andikeni ni kiasi gani na iko wapi.

Sisi tulipata kumi. Ukichukua 14 na 10 ni 24, bado 18 kufika ile 42, na mwaka huu wameandikishwa watoto wengi wa darasa la kwanza kwa hiyo hesabu inabidi irudiwe. WDC ni Alhamisi ijayo saa tatu. Karatasi ya mahudhurio nimeshaichapa, iko kwangu, sio kwenye mkoba wa mtu.